Jigso ya Betri kwa Fundi wa Kazi Ndogo: Makita, Bosch, DeWalt au ya Bei Nafuu?

Fundi wa Mtwara au Lindi anayefunga makabati ya jikoni, kukata nafasi za sinki, kupachika vitasa na kurekebisha milango hufika mahali ambapo msumeno wa mkono unamchelewesha, na jigso ya waya (msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka) haimsaidii kwa sababu nyumba anayoimalizia bado haijaingiziwa umeme. Akienda dukani kuulizia jigso ya betri, hukuta mashine zinazofanana kwa umbo lakini zinazopishana sana kwa bei, na muuzaji, ambaye ana haki ya kusifia alichonacho kwenye rafu, hatamweleza kila kitu. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya fundi huyo.

Mashine zinazolinganishwa ni Makita DJV182, Bosch GST 18V-LI B, DeWalt DCS334, na kundi la mashine za bei nafuu zilizoandikwa volti 20, kama zile za Ingco na Total. Hizi za mwisho nimeziweka katika kundi moja kwa sababu modeli zake ni nyingi na hubadilika mara kwa mara, hivyo takwimu za boksi moja haziwezi kusimama kwa niaba ya lingine. Kazi zinazokusudiwa ni kukata plaiwudi, MDF, mbao za unene wa kawaida, alumini ya madirisha na bati. Kupasua ubao kwa urefu wake wote ni kazi ya msumeno wa duara, na anayenunua jigso kwa matumaini ya kuifanya kazi hiyo atailaumu mashine isiyo na kosa.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo ni vitano: betri na chaji, bledi, nguvu na mwendo wa kukata, namna mashine inavyokaa mkononi, na upatikanaji wa spea. Sijavipanga kama vinavyopangwa kwenye karatasi za matangazo, ambazo huanza na kasi. Kwa fundi wa kusini, betri na bledi hutangulia, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vitakavyomsimamisha kazini muda mrefu kabla mota haijachoka.

Betri na chaji

Tuanze na hesabu. Betri ya volti 18 yenye uwezo wa 2.0 Ah (ampea-saa) huhifadhi wati-saa 36, na ile ya 5.0 Ah huhifadhi wati-saa 90. Tukichukulia kwamba jigso inakula wati 300 inapokata mbao ngumu bila kupumzika, betri ndogo itaisha kwa dakika 7 hivi na kubwa kwa dakika 18. Muda huo unaonekana mfupi, lakini hakuna fundi anayekata mfululizo namna hiyo: hupima, huchora, hukata kipande cha nusu mita, kisha hupanga upya. Betri moja kubwa au mbili ndogo kwa kawaida hutosha kazi ya siku ya mtu anayefunga makabati, ilimradi pawe na mahali pa kuchajia jioni.

Suala la volti 18 na volti 20 limewapotosha wengi. Ndani ya betri zote hizi mna seli za lithiamu zilizounganishwa tano tano kwa mfululizo. Kila seli ina wastani wa volti 3.6, na hapo ndipo inapopatikana 18, lakini ikiwa imetoka kwenye chaji hufikia volti 4 na ushei, na hapo ndipo inapopatikana 20. DeWalt hiyohiyo huandika 18V XR kwa masoko ya Ulaya na 20V MAX kwa soko la Marekani. Kwa hiyo asiwepo wa kukuambia kwamba mashine ya volti 20 ina nguvu zaidi ya Makita ya volti 18 kwa sababu tu ya namba iliyoandikwa ubavuni.

Lenye madhara ni chaja. Umeme wetu ni wa volti 230, ilhali chaja nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani zimetengenezwa kwa volti 120. Kabla ya kuichomeka, soma kibandiko kilicho chini yake. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, usiiguse soketi ya ukutani nayo.

Kwa upande wa Makita, betri za LXT za volti 18 zimekuwa sokoni tangu 2005, na wingi wa mashine zinazozitumia ndio nguvu yake kubwa: drili, grinda, randa na jigso hula betri moja. Chaja yake ya haraka, DC18RC, hujaza betri ya 5.0 Ah kwa dakika 45, jambo linalofaa pale umeme unaporudi kwa saa chache na kuondoka tena. Umaarufu huo una gharama yake, kwani betri za kuiga zenye nembo ya Makita zimejaa sokoni, na nyingi ni nyepesi kuliko inavyostahili kwa Ah zilizoandikwa. Ukiwa na betri halali karibu, zipime zote mbili mkononi. Tofauti ya uzito huonekana.

Bosch ina mtego wa aina nyingine. Mashine zake za bluu ni za mafundi na za kijani ni za matumizi ya nyumbani, na betri za volti 18 za kundi moja haziingii kwenye mashine za kundi jingine. Anayenunua betri ya pili kwa bei nzuri bila kuangalia rangi anaweza kurudi nayo nyumbani ikawa mapambo. Ndani ya kundi la bluu, hata hivyo, utaratibu ni mzuri, kwa kuwa betri za lithiamu za volti 18 zimebaki zikipokezana kati ya mashine za zamani na mpya.

DeWalt nayo ina utulivu kama huo: betri za XR za volti 18 huingia kwenye mashine zote za XR za volti 18, na hata betri kubwa za FlexVolt huingia kwenye mashine ya volti 18, ingawa kwenye jigso huongeza uzito usio na faida. Mashine za bei nafuu zina betri zao, na faida yake iliyo wazi ni kwamba betri ya akiba haitakufilisi. Swali la kumuuliza muuzaji ni kama betri hiyo inauzwa peke yake dukani kwake leo, wala si kama itakuja. Mashine ambayo betri yake haipatikani peke yake ina maisha ya betri iliyokuja nayo, basi.

Jambo linalohusu zote nne ni joto. Betri iliyoachwa kwenye boksi chini ya paa la bati mchana wa Novemba, au kwenye kiti cha gari lililofungwa vioo, huzeeka haraka kuliko iliyotumika kwa bidii. Iache ipoe kabla ya kuichaji, na kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, iweke ikiwa na chaji ya nusu. Wanaochaji kwa jenereta ndogo au kwa inveta ya sola wahakikishe umeme unaotoka umetulia, kwa sababu chaja ina elektroniki laini kuliko taa au feni.

Bledi

Makita, Bosch na DeWalt zilizotajwa hapa zote hupokea bledi za shina la T, zile zenye masikio mawili juu, na hubadilishwa bila bisibisi. Katika kundi la bei nafuu nyingi zimefuata mtindo huohuo, lakini zipo zinazofunga bledi kwa skrubu au zinazotaka shina la U. Hizo ziache, hata kama bei inavutia, maana utajifunga kwenye bledi ambazo maduka yanaendelea kuziacha.

Jigso yenyewe ilizaliwa kwa bahati ya fundi mmoja wa Uswisi, Albert Kaufmann wa kampuni ya Scintilla, ambaye mwaka 1946 alitoa sindano ya cherehani akaweka bledi mahali pake. Hadi leo kinachofanya kazi ni kipande hicho chembamba cha chuma, na mashine ya bei kubwa yenye bledi isiyofaa itakata vibaya kuliko mashine ya kawaida yenye bledi sahihi. Namba zifuatazo ni za Bosch, lakini watengenezaji wengine wengi wamezifuata, hivyo zinafaa kukumbukwa dukani. T101B hukata mbao na plaiwudi kwa usafi. T144D hukata haraka na kuacha ukingo wenye mikwaruzo, inafaa kwa fremu na mbao zitakazofichwa. T119BO ni nyembamba kwa mikunjo. T101BR ina meno yanayokata kwenda chini, na ndiyo ya kutumia kwenye meza ya jikoni yenye laminati ili uso wa juu usimeguke. T118A ni ya bati na vyuma vyembamba, T127D ni ya alumini.

Uteuzi wa bledi kwenye maduka ya miji yetu mara nyingi ni pakiti za mchanganyiko, ambazo nusu yake hutazitumia kamwe. Ni busara kuagiza bledi maalumu kwa pakiti kutoka Dar es Salaam na kuziweka akiba. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, aliyekuwa anasubiri mzigo alisubiri. Bledi tano za T127D kwenye kopo hazichukui nafasi wala hazitaki umeme.

Vumbi la jipsamu lina sura yake. Hufanya meno ya bledi kuwa butu na kuingia kwenye matundu ya kupozea mota, hivyo mafundi dari wanaokata bodi nyingi wangetumia kisu na msumeno mdogo wa mkono, na kuibakiza jigso kwa mashimo ya taa na kwa plaiwudi. Katika hili hakuna kampuni iliyo salama kuliko nyingine.

Nguvu na mwendo wa kukata

Makita DJV182 ina mota isiyo na brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota na huisha kwa kusuguana), mwendo wa bledi, yaani umbali inaopanda na kushuka, wa milimita 26, na mipigo 800 hadi 3,500 kwa dakika. DeWalt DCS334 nayo haina brashi, ina mwendo uleule wa milimita 26, na hufika mipigo 3,200. Zote mbili zimekadiriwa kukata mbao hadi milimita 135 na chuma laini hadi milimita 10. Bosch GST 18V-LI B ina mwendo wa milimita 23 na mipigo 2,700, na imekadiriwa mbao milimita 120 na chuma milimita 8.

Ukisoma namba hizo tu, Bosch inaonekana imeachwa nyuma, na kwenye mbao nene kweli imeachwa, kwa sababu mwendo mrefu hutumia meno mengi zaidi na kutoa unga wa mbao kwenye mkato. Lakini kwenye plaiwudi ya milimita 18, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mtengenezaji makabati, milimita 3 hizo hazibadilishi siku yako. Wala makadirio ya milimita 135 yasimdanganye mtu: bledi ya jigso imeshikwa upande mmoja tu, na ikizama kwenye ubao mnene hupinda, hivyo mkato ulio wima juu hutokea chini umeenda upande.

Kwa mbao za kwetu, mninga hukatika vizuri kwa zote tatu. Mkongo ni mgumu zaidi na unataka mwendo wa bembea (bledi kusogea mbele na nyuma inapokata) uwekwe kiwango cha chini na mkono usisukume. Mpingo, mti unaozama majini, ni bora uachiwe wachongaji na zana zao. Jigso yoyote itauunguza badala ya kuukata.

Kipengele cha Makita kinachostahili kutajwa ni kwamba inaweza kuanza polepole na kuongeza kasi yenyewe bledi inapoingia kwenye mbao, jambo linalosaidia kuanza juu ya mstari bila bledi kurukaruka. DeWalt na Bosch hukuachia kidole chako kwenye kitufe kifanye kazi hiyo, na fundi mzoefu hatalalamika. Mashine za bei nafuu hukata plaiwudi na mbao laini bila shida. Tofauti hujitokeza kwenye kazi ndefu, mota inapopata moto, na kwenye kirola kinachoshika bledi kwa nyuma, ambacho kikilegea mkato hauwezi tena kunyooka. Kabla ya kulipa, shika bledi na uitikise kushoto na kulia: mchezo wowote unaouona dukani utaongezeka saiti.

Kukaa mkononi

Mashine tatu za majina makubwa zilizochaguliwa hapa zina mpini wa juu. Anayependa kushika mwili wa mashine karibu na bledi, hasa anapokata kutoka chini ya meza ili upande wa juu ubaki safi, aangalie ndugu zao: Makita DJV181, Bosch GST 18V-LI S na DeWalt DCS335. Kwa maoni yangu wanaokata sinki na mikunjo kila siku wangezijaribu kwanza hizo, ingawa maduka huleta zaidi zile za mpini wa juu.

DeWalt bila betri ina takriban kilo 2.1, na betri ya 5.0 Ah huongeza zaidi ya nusu kilo kwa mashine yoyote kati ya hizi. Ukiwa juu ya ngazi ukikata mbao za kupachikia dari, betri ya 2.0 Ah ni rafiki zaidi hata kama itaisha mapema. DeWalt ina wenzo wa kubadili pembe ya sahani ya chini bila ufunguo, jambo dogo ambalo anayekata pembe mara kwa mara hulithamini. Wanaonunua za bei nafuu wakague sahani hiyo kwa kuiweka juu ya kioo. Ikiyumba, kila mkato utayumba nayo.

Spea na matengenezo

Mota isiyo na brashi haina brashi za kuisha, lakini sehemu yake ya elektroniki ikifa kwa kawaida hubadilishwa nzima, na kwa Mtwara hiyo ina maana ya kuagiza kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Wanaotaka mashine ambayo fundi wa mtaani anaweza kuifungua wana ndugu wakubwa wa hizi: Makita DJV180 na DeWalt DCS331, zote za brashi, zenye mwendo wa milimita 26 uleule na kasi ndogo zaidi. Mashine za bei nafuu mara nyingi hazitengenezwi, hubadilishwa. Hilo si tusi. Kwa bei yake, fundi anayejua hivyo tangu mwanzo anaweza kupanga hesabu zake.

Waranti ina maana pale tu duka lililokuuzia litakuwepo na risiti unayo. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Mikindani, Lindi mjini au Kilwa, sahani ya chuma na kishikio cha bledi vinataka kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, iwe mashine ni ya bei gani.

Ipi kwa nani

Fundi ambaye tayari ana drili au grinda ya betri hana sababu ya kutafuta mbali: anunue jigso isiyo na betri ya kampuni ileile, hata kama wenzake wanasifia nyingine. Bei ya mwili mtupu ni ndogo, chaja anayo, na betri mbili zinazohama kati ya mashine tatu zina thamani kuliko kasi ya ziada. Mwenye Bosch ya bluu abaki na Bosch, na mwenye DeWalt vilevile.

Asiye na kitu, ambaye kazi yake ni makabati na milango ya watu wa mjini na anakusudia kuongeza mashine nyingine mwaka hadi mwaka, ataona Makita au DeWalt inamlipa, na uamuzi kati ya hizo mbili utategemea ni ipi ambayo duka la karibu naye linauza betri zake halali. Mafundi wawili au watatu wanaofanya kazi pamoja wakubaliane kabla ya kununua, ili betri zipokezane.

Kijana aliyetoka VETA na kuanza na mtaji mdogo, au fundi umeme na fundi bomba anayehitaji kukata shimo kwenye ubao mara chache kwa wiki, anaweza kuanza na mashine ya bei nafuu bila aibu, mradi inapokea bledi za shina la T na betri yake inauzwa peke yake. Fedha iliyobaki aiweke kwenye bledi nzuri na miwani ya kukinga macho.

Kwa fundi wa alumini, kasi inayodhibitika ni muhimu kuliko nguvu, hivyo zote tatu za majina makubwa zinamfaa kwa T127D, bembea ikiwa sifuri na nta ya mshumaa ikipakwa kwenye bledi. Anayekata bati jembamba alibane kati ya vipande viwili vya plaiwudi kabla ya kukata, lisitetemeke.

Fundi wa Liwale, Nachingwea au vijiji vya Newala anayefanya kazi mbali na umeme ahesabu betri kabla ya mashine: bora mwili wa kawaida wenye betri mbili za 5.0 Ah kuliko mwili wa juu wenye betri moja. Na kwa kuwa kazi za kumalizia nyumba huongezeka baada ya malipo ya minada ya korosho inayoanza Oktoba, ununuzi ufanyike mapema, Agosti au Septemba, ili kasoro yoyote ijitokeze wakati bado kuna nafasi ya kuirudisha mashine dukani. Anayekata mkongo wa unene wa zaidi ya milimita 60 kila siku, kwa upande mwingine, asinunue yoyote kati ya hizi. Kiwanda cha mbao chenye msumeno wa mkanda kitamkatia vipande hivyo kwa unyoofu, na jigso ibaki kwa mikunjo ya mwisho.